Sifuti Hata Moja

Jumapili, 3 Machi

Leo Kaka amesema masanduku ya tepe za Baba yatupwe kabla mvua haijashika, na mimi nimesema hayatupwi. Ndiyo maana nimeanza daftari hili. Siku tukiulizana nani alianza ubishi, jibu liwepo kwa mwandiko wangu.

Masanduku ni matatu, yako juu ya kabati chumbani kwa Mama tangu Baba afariki mwaka juzi. Baba alikuwa fundi wa pampu za maji, na mkono ambao haukushika spana ulishika kamera. Nimehesabu tepe sitini na nne: arobaini na moja kubwa za deki, ishirini na tatu ndogo za ile kamera yake ya mwisho. Baba alikuwa mtu wa mpangilio: kila moja ina karatasi ubavuni, herufi kubwa, kama chupa za dawa.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Ni mkuu wa shule, na nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hawezi hata kunywa chai bila kufungua kikao.

"Ajenda ni moja tu," alisema, kikombe mkononi. "Hizo tepe zinakaribisha mende, na deki yenyewe ilikufa zamani. Mnatunza nini?"

"Tunajitunza wenyewe."

"Una miaka thelathini na miwili, bado unacheza na makopo!"

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakusema kitu. Mama ni bingwa wa kutosema kitu.

Mpango wangu ni huu. Mimi hukata vioo vya miwani, na karakanani kwetu kulikuwa na kompyuta ya zamani inayosubiri kutupwa. Nimeiomba, nimepewa. Nitaigeuza seva: ikae kona ya sebule ikiwa imewashwa muda wote, ihifadhi video zote za Baba, na yeyote ndani ya nyumba mwenye simu au rimoti ya televisheni afungue na kuchagua atakacho. Mwenyekiti ameondoka akitikisa kichwa. Akitikise tu, chake.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeyafunika masanduku kwa nailoni. Mama amenishikia kamba bila kuuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipeleka deki kwa Fundi, mama mmoja mtu mzima anayetengeneza redio nyuma ya stendi. Ameifungua, akaipulizia, akainusa kabisa.

"Hii haijafa, mwanangu. Imezimia."

Amebadilisha mkanda wa mpira na kusafisha vichwa vya kusomea tepe kwa spiriti. Kisha akanionya: tepe yenye madoa meupe ina ukungu, usiiweke kwenye deki mpaka niione, maana moja ikiugua huambukiza zote.

Jumamosi, 9 Machi

Tepe haikimbizwi. Ya saa mbili inataka saa mbili, wewe umekaa hapo kama mgeni aliyenyimwa ruhusa ya kuondoka. Nimemaliza tano. Seva inafanya kazi, ila ina kiherehere. Ikiona faili haina jina zuri inakisia kuwa ni sinema ya watu, inaibandikia picha ya jalada. Tepe ya Shangazi akicheza kwenye harusi yake imewekewa picha ya vifaru na moshi, imeandikwa "Vita". Shangazi, ambaye alikuja kutazama tu, alicheka hadi akakaa chini.

"Usiibadilishe! Aliyeolewa na yule bwana anajua ni vita."

Nimeibadilisha. Sasa kila faili inaanza na mwaka, mwezi, siku, halafu tukio, halafu waliomo. Nimempa kila mtu jina na picha yake kwenye skrini, ili kila mmoja akifungua aanzie alipoishia: Mama, Shangazi, Mwenyekiti, mimi.

Kwenye tepe ya nne ametokea Chiriku, mdogo wetu. Ana kama miaka sita, ameshika kipaza sauti cha mgunzi wa hindi, anatangaza habari za nyumba nzima: nani amekojoa kitandani, nani ameunguza maharagwe. Ndiyo maana tulimpa hilo jina, hakuwa na breki mdomoni. Nilikuwa sijausikia ule mcheko kwa miaka kumi na mmoja. Niliinua macho nikamwona Mama amesimama mlangoni na ufagio. Akarudi jikoni.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili katikati ya tepe. Zimefika kumi na nane.

Jumapili, 17 Machi

Leo kumewaka. Nieleze vizuri.

Mwenyekiti alikuja mchana, akakuta Shangazi ameshika rimoti, anapekua maktaba kama aliyeingia dukani na hana haraka. Mwanzoni hata Mwenyekiti alifurahi. Alijiona akiwa darasa la saba na kaptula inayomfika kifuani, akacheka kwa sauti yake ya zamani. Kisha Shangazi akabonyeza nyingine, na kwenye skrini akajaa Chiriku, miaka kumi na saba, anafua viatu na kuimba kwa makusudi vibaya.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Nani ameruhusu hiyo?"

"Baba ndiye aliyerekodi," nikasema.

"Baba ndiye aliyesema mtu huyo asitajwe humu ndani. Futa. Zote alizomo, futa."

Kwa atakayelisoma daftari hili bila kujua mambo: miaka kumi na mmoja iliyopita pikapu ya Baba ilimgonga tarishi aliyekuwa kwenye baiskeli, ikamvunja nyonga, na haikusimama. Kaka na Baba waliwaambia polisi kuwa aliyeiendesha ni Dereva, kijana aliyekuwa ameajiriwa na Baba. Chiriku, akiwa na miaka kumi na minane, akasimama mahakamani akasema si Dereva, ni kaka yangu. Baba akasema binti ana kinyongo na kaka yake. Hakimu akaamini watu wazima. Dereva alifungwa miaka mitatu. Chiriku alifunga virago wiki hiyohiyo. Mimi nilikuwa chuoni, mbali, na niliposimuliwa niliwaamini Baba na Kaka. Chiriku aliniandikia barua mbili. Sikumjibu.

Nimeliandika hilo na sitalikata.

"Kwa karatasi za ubavuni, yumo kwenye tepe thelathini na kitu," nikamwambia Mwenyekiti. "Nikizifuta zote tutabaki na harusi ya Shangazi na pampu."

"Basi mbaki na pampu."

"Sifuti."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Sifuti hata moja. Ukitaka kufuta, jifunze kuitumia seva."

Shangazi akajifanya anatafuta kiatu. Mwenyekiti akamgeukia Mama. "Mama, sema kitu." Mama akasema chakula kinapoa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimetengeneza folda mpya, nimeiweka juu kabisa ambapo jicho likifungua linaikuta. Jina lake: CHIRIKU.

Jumatano, 20 Machi

Dari la jikoni linavuja. Ndoo mbili. Tepe zimefika thelathini na tisa.

Jumamosi, 23 Machi

Seva inaandika nani ametazama nini. Sikuiweka kwa upelelezi, ndivyo ilivyo. Leo nimeangalia ili nijue kama Mwenyekiti huingia nisipokuwepo. Haingii. Lakini jina la Mama limejaa. Jumatatu saa nne asubuhi, Chiriku na mgunzi. Jumanne saa nne, Chiriku na mgunzi. Jumatano, Chiriku anafua viatu, mara mbili. Yaani nikishatoka kwenda kazini Mama hufunga mlango, hukaa, humtazama mwanawe.

Niliinuka kwenye seva hasira zangu kwa Mama zimeniishia nusu. Nilimwona Mama kama mfungwa wa Mwenyekiti. Nikamwosha miguu, nikampaka mafuta, akashangaa.

"Umefanya kosa gani?" akaniuliza.

Alhamisi, 28 Machi

Karakana imefungwa leo, maji yameingia mpaka kwenye mashine za kusaga vioo. Nimebaki nyumbani, Mama amekwenda kliniki kupima presha. Nimeanza tepe ndogo, za kamera ya mwisho. Zinachezeshwa kwa kamera yenyewe, na waya unaingia kwenye kompyuta.

Ya tatu ilikuwa na karatasi hii: PAMPU YA SHULE, MAJARIBIO. USIREKODI JUU. Maneno ya mwisho yamepigiwa mistari miwili. Nilidhani ni kazi aliyoipenda.

Kweli inaanza na pampu. Dakika tatu za bomba likitema matope. Kisha picha inakatika, inarudi nyumbani kwetu, uani, jua kali. Pembeni chini kuna tarehe na saa, kama zilivyo kwenye tepe zote za kamera ile. Ni siku ile. Kaka alikuwa amepata barua ya kuajiriwa ualimu, na kulikuwa na chakula cha watu wa nyumbani tu. Baba anazungusha kamera, anamrekodi kila mtu akitafuna. Halafu anaiweka juu ya ukuta wa karo bila kuizima, unasikia anakwenda kunawa.

Kamera imebaki inatazama geti. Chini ya ukuta, Dereva amekaa juu ya kreti, sahani mapajani, anakula kwa utulivu wa mtu ambaye kazi ya asubuhi imeisha. Pikapu iko nyuma yake. Saa inasoma 13:41.

Kaka anaingia kwenye picha. Shati jeupe, mwendo wa furaha. Anainama, anachukua funguo zilizokuwa kando ya kreti, anazirusha juu na kuzidaka.

"Bosi mdogo," anasema Dereva, mdomo umejaa, "breki zinavuta kushoto. Subiri nimalize."

"Wewe kula. Nafika hapo tu."

"Basi nenda polepole."

Kaka anapanda. Injini inawaka. Na hapo, kutoka dirisha la jikoni ambalo halionekani, inasikika sauti ya Mama, nzima kabisa: "Mwanangu, na hilo gari usiende mbali!"

Pikapu inatoka. 13:43. Dereva anaendelea kula. Anakula mpaka 13:58, anakwenda kuosha sahani yake mwenyewe, anarudi, anakaa. Tepe inaishia 14:06, na muda wote huo yumo. Tarishi aligongwa saa nane kasoro dakika tano. Hilo tulilijua wote, lilisomwa mahakamani.

Niliirudisha nyuma nikaitazama tena. Kisha nikaizima kamera, nikakaa sakafuni.

Nimeandika vizuri kwenye kurasa zilizopita kuwa Baba alikuwa mtu wa mpangilio. Alikuwa. Aliijua tepe hii, aliiandikia karatasi, akaikataza isifutwe, akaificha chini ya jina la pampu, na akaenda mahakamani kumwita binti yake mwongo. Hakuwa na moyo wa kuionyesha wala moyo wa kuichoma. Baba, ulikuwa mwoga mwenye mwandiko mzuri. Nakupenda, na nimeliandika hilo kwa kalamu, si penseli.

Ijumaa, 29 Machi

Nimeiweka kwenye seva, katika folda ya PAMPU, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeifungua. Kisha nimenakili maktaba nzima kwenye diski tatu. Moja nimeifungia kwenye kabati la kazini, pamoja na tepe yenyewe. Ya pili nimempa Shangazi, nimemwambia ni harusi yake. Ya tatu bado ninayo. Ina mwenyewe.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua haikatiki. Leo nimeangalia historia tena. Folda ya PAMPU, jina la Mama. Ametazama mara nne. Mara zote nne amesimamisha palepale, dakika ya kumi na tisa, pale sauti yake inaposikika.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku mbili nimezunguka kama kuku anayetaka kutaga. Leo nikapiga moyo konde. Tulikuwa tunaanika nguo sebuleni, juu ya migongo ya viti, maana nje hakuna jua.

"Mama, umeiona tepe ya pampu."

Akaendelea kunyoosha kola ya gauni.

"Ulijua siku zote."

"Nilijua."

"Polisi uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nilikuwa nimelala." Akaikung'uta shuka kwa nguvu mpaka matone yakanirukia usoni. "Unataka niseme nini? Baba yako alinikalisha pale ulipokaa. Akasema mtoto amepata kazi jana, leo aende jela? Akasema Dereva hana mke, hana mtoto, atatoka, tutamsaidia. Akasema Chiriku ni msichana, atasahau, ataolewa. Alipanga yote. Mimi nikalala, kama nilivyoambiwa."

"Na mlimsaidia Dereva?"

"Hakutaka hata kutuona."

"Mama, nilikuwa nakuonea huruma."

"Usinionee," akasema. "Nionee aibu. Ndiyo ninayoistahili." Kisha akaingia chumbani.

Mwezi mzima nimeandika Mwenyekiti hivi, Mwenyekiti vile. Leo nakubali kuwa kikao kile kilikuwa na wajumbe watatu, na mimi niliyekuwa mbali nilikuwa wa nne, kwa kunyamaza.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda kwa Chiriku. Anwani ilikuwa kwenye barua zake, hakuwahi kuhama. Anaendesha jokofu la maua: ghala lenye baridi ambapo wanawake sita, wamevaa makoti na soksi nene, hukata mashina ya mawaridi na kuyafunga ishirini ishirini. Yeye ndiye msimamizi. Alinitambua nikiwa bado mlangoni nakung'uta mwavuli.

"Funga mlango, maua yanapata joto," akasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja.

Nikaufunga. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikayeyuka yote kwenye baridi ile.

"Sikujibu barua zako," nikasema.

"Nilitambua."

"Sikukuamini. Nilikosea. Sijaja kujitetea."

Alikata mashina mengine mawili kabla hajainua uso. "Umekuja kufanya nini, Dada?"

Nikampa diski. Nikamweleza kilichomo, kuanzia mgunzi mpaka geti. Nilipofika kwenye saa ya pembeni mwa picha, mkasi ukamtoka mkononi.

"Baba aliihifadhi?"

"Aliandika usirekodi juu."

Nilitegemea machozi. Alicheka, mcheko uleule, mpaka wenzake wakageuka. Cheko lenye uchungu ndani yake, lakini cheko. "Yule mzee! Ananiita mwongo mbele ya hakimu, halafu ananiwekea ushahidi kwenye sanduku. Alitaka niufukue kwa mkono gani?" Kisha akakauka. "Sasa sikiliza. Usije ukanionea huruma ukakaa. Mimi sikufungwa. Mtafute aliyefungwa."

Alhamisi, 11 Aprili

Ndoo tatu jikoni. Chiriku amepiga simu kuuliza Dereva tumempata? Bado.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimerudi kutoka kazini nimelowa, nikamkuta Mwenyekiti anatoka mlangoni na seva kwapani, nyaya zinaburura matopeni kama mikia.

"Nani amekwambia?"

Alijibu Mama, akiwa kizingitini. "Mimi. Ni mwanangu. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu."

Sikuwa na nguvu za kumkasirikia. Nilimkabili Mwenyekiti, mvua inatupiga wote wawili.

"Chukua," nikamwambia. "Umebeba bati na feni. Video ziko sehemu tatu, na hata ukinitesa sitakutajia."

"Unataka kuniua?"

"Nataka Dereva asafishwe jina."

"Nina walimu thelathini chini yangu. Nina watoto mia nane wanaosimama nikiingia darasani. Unajua maana yake?" Sauti yake haikuwa ya kikao. Ilikuwa nyembamba, kama ya yule mwenye kaptula kubwa. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sikumwona yule tarishi, naapa. Nilisikia tu kishindo. Niliogopa, nikaja nyumbani, nikataka kusema. Baba akasema nyamaza."

"Naamini."

"Sasa?"

"Dereva alikuwa na miaka ishirini na sita. Yeye aliambiwa na nani anyamaze? Alisema kweli kila siku, hakuna aliyemsikiliza. Wewe una miaka kumi na mmoja ya kusema, na hukusema hata siku moja. Basi nitasema mimi."

"Ukifanya hivyo, mimi si kaka yako."

"Utakuwa kaka yangu tu. Hilo nalo sifuti."

Akaondoka na bati lake. Kutoka dirishani nilimwona akiiweka seva kwenye kiti cha mbele cha gari, akaifunga mkanda. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Jumanne, 16 Aprili

Tumempata. Shangazi ndiye aliyemfukua. Shangazi anajua kila mtu aliko, huwa tu hatumuulizi. Dereva ni mlinzi wa geti la kiwanda cha mbao. Hajaendesha tena gari, leseni ilikwenda na kesi.

Mimi na Chiriku tulifika mchana, manyunyu tu. Alikuwa kwenye kibanda chake, daftari la magari limewekwa sawasawa mezani. Amenenepa kidogo, mvi zimeanza. Alimgeukia Chiriku.

"Wewe ndiye uliyesema," akasema.

"Ndiyo, ni mimi."

"Nilitaka kukushukuru. Sikujua uliko."

Nilimwambia mimi ni nani, na kilichonileta. Hakunilaumu wala hakunikaribisha. Nikampa simu. Akaishika mbali na macho, kama watu wanaohitaji miwani na hawajakubali, akaitazama tepe nzima amesimama. Pampu, chakula, ukuta, kreti. Kaka alipochukua funguo, sikuona hata mshipa ukicheza usoni mwake. Nilidhani angelia Kaka akitoka getini. Wala.

Alivunjika baadaye, kwenye zile dakika ambazo hakuna kitu, yeye peke yake na sahani.

"Nilikuwa nakula," akasema. "Mnaona? Nilikuwa nakula. Niliwaambia polisi, nikamwambia hakimu, nikamwambia mama yangu mpaka akafa. Wakaniuliza, nani amekuona? Nikasema, sahani." Akafuta uso kwa mkono wa koti. Lori likapiga honi nje. Akaenda, akaandika namba yake, akafungua geti, akafunga, akarudi. "Iwashe tena. Pale ninapokula."

Tumeitazama mara tatu. Nimempimia macho kwa kukisia, nitamletea miwani.

Ijumaa, 19 Aprili

Wakili ni mwanamke mdogo kwa umri na mkubwa kwa sauti. Ameipokea tepe yenyewe kwa glovu. Anasema ataomba hukumu ipitiwe upya, na kwamba tarishi, ambaye yu hai na anatembea kwa mkongojo, lazima ajulishwe rasmi. Anasema tepe peke yake inaweza kubishiwa: watasema saa ya kamera ilikosewa, watasema siku siyo. Anahitaji mtu aliyekuwepo. Chiriku alikuwepo, lakini alishawahi kuitwa mwongo mahakamani.

"Hakuna mwingine aliyekuwa nyumbani?" akauliza.

Tulitazamana mimi na Chiriku. "Yupo," nikasema. "Alikuwa amelala."

Jumatano, 24 Aprili

Nimewasha seva nyingine, kompyuta ya Shangazi ambayo alikuwa anaifanya meza ya pasi. Nimerudisha maktaba yote. Folda ya CHIRIKU iko palepale juu. Ya PAMPU nimeibadilisha jina. Sasa inaitwa SIKU ILE.

Mama hajaifungua. Hatuzungumzi sana. Tunapishana na ndoo.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imepungua. Mwenyekiti hakuja. Kiti chake hakuna aliyekikalia.

Ijumaa, 3 Mei

Leo ilikuwa siku ya kuandikisha maelezo. Nilimwambia Mama saa tu, na jengo lilipo. Sikumwomba. Nilishaapa sitamwomba.

Chumba cha Wakili ni kidogo, viti vinne na feni moja. Dereva alikuja na miwani niliyomkatia, shati limenyooshwa mpaka mikono inasimama. Chiriku alikuja na harufu ya maua. Nilitoa maelezo yangu: tepe niliipata wapi, niliicheza lini, niliinakili vipi, ilitunzwaje isiguswe na mtu. Wakili aliuliza maswali ya seva nusu saa nzima, nikamjibu yote, nikashangaa ninavyojua.

Tulikuwa tumefika kwenye sahihi mlango ulipogongwa. Akaingia Mama. Ameshika mwavuli uliofungwa ingawa nje kulikuwa na jua, na amevaa gauni lake la heshima. Alisimama, akawaangalia waliomo. Kwa Chiriku macho yake yaligota, lakini hakusema naye. Alimwendea Dereva kwanza. Alipiga magoti. Mama, na magoti yale mabovu, sakafuni.

"Mama, inuka," akasema Dereva, amepata taabu. "Inuka, tafadhali."

"Nitainuka nikishasema. Nilikuona unakula. Sahani ilikuwa ya kijani. Mimi ndiye niliyekupakulia."

Dereva hakusema amesamehe. Alimshika kiwiko, akamwinua, akamketisha kwenye kiti chake, akabaki amesimama yeye. Mama alinyoosha mkono bila kugeuka, na Chiriku akaushika. Ndivyo walivyosalimiana.

Wakili akafungua karatasi mpya. "Mama, kabla sijaandika, nikuonye. Uliwaambia polisi jambo jingine. Unaweza kuulizwa kwa nini. Unaweza hata kushtakiwa."

"Najua."

"Na unayemsema ni mwanao wa kumzaa."

"Ndiyo maana nasema mimi, asisemewe na watu baki." Akaweka mwavuli chini. "Nimeogopa miaka kumi na mmoja, binti. Sina tena nafasi ya kuweka woga mwingine. Andika. Saa saba na dakika arobaini na tatu nilikuwa jikoni, macho yangu yako wazi, na sauti ile ni yangu."

Kalamu ya Wakili ilikuwa inakwaruza karatasi simu yangu ilipolia. Mwenyekiti. Nilitoka nayo mpaka dirishani.

"Mama hayupo nyumbani," akasema. "Nimefika, nimegonga, hayupo. Yuko wapi?"

"Yuko hapa kwa Wakili. Anaandikisha."

Nilisubiri matusi, nilikuwa nimeshayaandalia majibu, tena mengi.

"Amesema nini?"

"Njoo usikie mwenyewe. Ghorofa ya pili, mlango wa bluu."

"Na nikija nitasema nini mimi?"

"Utajua ukifika," nikamwambia. "Viti vimeisha, hata Dereva amesimama. Wewe njoo usimame."

Sikusubiri ajibu. Nilikata simu, nikarudi ndani, nikaweka sahihi yangu chini ya jina langu kamili.